Kamba ya Chini ya Ngazi za Soko

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wa maabara mliosimama kule nyuma kama watu wasioalikwa, sogeeni, viti vipo. Mimi ni mdogo wake marehemu, muuza chaza wa sokoni, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa kuwa, kama asemavyo baba mdogo, mdomo wangu haujawahi kukosa kazi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la samaki, mtoto wa kwanza wa mama yetu aliyeketi hapa mbele na wa marehemu baba, aliyeuza chaza kwenye meza ileile ninayouzia mimi. Alianza shule ya msingi Januari 1978, ile ya kando ya kiwanda cha barafu, akamaliza sekondari mwaka 1988 akiwa wa kwanza darasani, mimi nikamaliza miaka minne baadaye nikiwa wa kwanza kutoka chini, naye akaendelea na chuo cha afya, akahitimu utaalamu wa maabara tarehe 2 Desemba 1992.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1993 katika maabara ya hospitali, chumba chenye dirisha moja lisilofunguliwa kwa kuogopa vumbi, na humo alikaa miaka thelathini na ushei, kazi yake ikiwa kufuatilia vijidudu vya kwenye maji na kwenye vyakula vya baharini katika ukanda wote huu wa pwani: nani kaharisha, nani kavimba kidonda baada ya kuingia majini, alikula nini, alinunua wapi, siku gani. Mkobani mwake hazikukosekana chupa za sampuli, hadi mawifi zake wakambatiza jina la Chupa, na ukimkaribisha chakula alikuuliza kwanza kome hawa wametoka wapi, jamani, hata harusini.

Alifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998 na fundi wa mitambo ya barafu, baada ya kwenda kumwomba barafu kila Jumatatu kwa miaka miwili, kwani sampuli ikipata joto haifai tena, na shemeji mwenyewe anakiri alidhani barafu ni kisingizio, kumbe mwenzake alitaka barafu kweli, mapenzi yalikuja baadaye. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi, na kijana wa kiume aliye mwaka wa mwisho chuoni.

Hapa karatasi inaruka hadi kwenye ugonjwa, nayo inasema dada aliaga dunia kwa maradhi ya ini aliyoishi nayo kwa muda mrefu. Tulikaa kikao juzi tukakubaliana isomwe hivyo, na wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi. Baba mdogo, nisamehe, usinivute shati, leo nitasema.

Kwa miaka mitatu, pini nyekundu kwenye ramani ya ukutani kwake zilirundikana kuzunguka soko letu, kila pini mgonjwa mmoja, naye akapima chaza wanaposhushwa kutoka mashuani, akawakuta safi, akapima maji ya bomba, safi, akatuuliza wauzaji chaza wanatoka wapi, tukamjibu mwambani, kwenye maji makuu, na hatukusema uongo. Tusilomwambia, kwa kuwa hakuna aliyeliona kuwa ni jambo, ni kulaza: chaza waliobaki jioni nawatia kikapuni, nawashusha kwa kamba chini ya ngazi za soko ili asubuhi niwakute hai, kama alivyofanya baba, mahali ambapo mfereji unaingia baharini na maji yametulia yana joto, na chaza naye kazi yake ni kuvuta maji hayohayo. Kamba hiyo dada aliishusha mwenyewe akiwa na miaka kumi, na kwa sababu ilikuwa ya nyumbani hakuiona.

Aliikumbuka tarehe 18 Novemba mwaka jana, jikoni kwa mama, niliposema naenda kulaza chaza. Aliweka kijiko chini na hakula tena. Kanuni ya kazi yao haimruhusu mtu kuchukua sampuli kwa ndugu yake, ilimpasa amkabidhi mwenzake, kisha mwenye biashara atie sahihi fomu ya kukubali kupimwa na ngazi zifungwe, basi akaniletea fomu mara tatu, ya kwanza nikacheka, ya pili nikamwambia mama anakula kwa meza hii, ya tatu nikamtupia kwamba damu nzito kuliko maji, akanijibu kwamba hata wale aliowaona wodini wana damu. Wiki kumi na moja alishika kalamu na kuiweka, shemeji ni shahidi, kunitaja hawezi, kunyamaza hawezi, Jumapili ananipikia na Jumatatu anaongeza pini, na mojawapo ya pini hizo ni mzee fundi viatu aliyekatwa mguu. Mimi ndiye niliyemfungia humo, wala simsingizii shetani.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Februari, alishuka ngazi peke yake, akavuta kamba, gamba la chaza likachana glavu na kidole, na kwa kuwa kijidudu hicho humuua upesi mwenye ini bovu, alijua fika kilichokuwa kinamngoja, kwani jioni alipofikishwa hospitali na homa alimtajia daktari jina la kijidudu kabla hajapimwa. Alifanyiwa upasuaji wa mkono tarehe 4, akafariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, na kilichokutwa kidondani ndicho kilichokutwa kikapuni mwangu. Kwenye chupa aliyoijaza na kwenye fomu aliandika tarehe na saa, lakini palipotakiwa jina la mwenye biashara aliacha wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania mkono ule na roho ile, majirani waliotubeba tangu Jumanne, shemeji kwa kumtunza dada yetu, na wafanyakazi wenzake ambao nilikuwa nikiwakwepa sokoni kama wadai. Mzee fundi viatu, nakuona pale, kwako sina shukrani, nina aibu, nitakuja nyumbani. Na yeyote aliyenunua kwangu ndani ya wiki mbili hizi, akijisikia homa, tumbo au kidonda kuvimba, asione haya, aende moja kwa moja hospitali, na mtaalamu mwenzake wa maabara atakuwa getini na daftari tukitoka hapa.

Kamba nimeikata. Fomu hii hapa, nimeitia sahihi leo alfajiri juu ya meza ya baba, wewe mwenzake wa maabara, njoo uichukue sasa hivi mbele ya watu wote, nisije nikageuka tena.

Dada, pale ulipoacha wazi nimeandika jina langu. Pumzika kwa amani.