Mzee Jeki: Miaka Thelathini na Moja Chini ya Miguu ya Bendi

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Jeki atarudisha tochi na ufunguo wa mlango mdogo wa chini ya jukwaa, na hapo utumishi wake katika ukumbi huu utakuwa umetimiza miaka thelathini na moja na miezi minne. Katibu wa ofisi alitafuta mtu wa kuandika habari zake kwa ajili ya jarida letu. Mafundi mitambo, ambao wamesoma, walisema wana kazi nyingi. Tukabaki sisi wabeba mizigo, na kati yetu mimi ndiye niliyekaa naye karibu zaidi. Shule yangu iliishia njiani, kwa hiyo msomaji akikuta kosa alivumilie. Mambo yenyewe ni ya kweli.

Aliajiriwa kwa wiki mbili. Waliotangulia kazini wanakumbuka kwamba mwaka ule mbao za jukwaa, pale anapokaa mpiga ngoma, zilianza kubonyea. Meneja wa wakati huo alisema seremala atakuja baada ya wiki mbili, na kwa sasa atafutwe mtu wa kukaa chini na jeki ya lori, ainue sakafu ikibonyea. Seremala hajafika. Mameneja sita wamepita, kila mmoja akakuta jukwaa liko imara, akauliza litengenezwe kwa lipi. Kosa la Mzee Jeki ni kwamba aliifanya kazi yake vizuri mno. Kitu kisichoanguka hakitengenezwi. Wiki iliyopita ofisi ilitangaza kwamba seremala atakuja mwezi ujao, na tumeipokea habari hiyo kwa utulivu.

Mahali pake pa kazi hapana jina kwenye ramani ya jengo. Ni uvungu wa jukwaa, ambamo mtu mfupi anainama na mrefu anatambaa. Kuna benchi, chupa ya chai, tochi, koti la baridi, nguzo za chuma kumi na mbili, na katikati ile jeki. Juu, kati ya ubao na ubao, kuna nyufa za upana wa kidole ambazo mwanga wa jukwaa hupenya. Kupitia nyufa hizo Mzee Jeki ametazama maonyesho zaidi ya mia tisa ya muziki wa roki. Sisi wengine tukisema tumeiona bendi fulani tunamaanisha nyuso. Yeye anamaanisha soli.

Anazijua bendi kwa miguu kama mchungaji ajuavyo mbuzi kwa kwato. Kuna ile ya ndugu wanne wa tumbo moja. Watu wa mbele waliona tabasamu, yeye aliona ncha za viatu zimeelekeana kama majogoo, na kwenye wimbo wa tano alituma habari juu kwamba mlango wa nyuma uwekwe wazi, hawa watapigana. Walipigana kwenye wimbo wa saba. Kuna kina dada watatu waliopiga pekupeku, wepesi kama paka juu ya zulia. Hao ndio bendi pekee ambayo hakuizungushia jeki hata mara moja, na chai yake aliinywa ikiwa ya moto. Ukimuuliza nani walipiga vizuri kuliko wote, anawataja wao kwanza, na ukimbana zaidi anakiri kwamba ni kwa sababu ya chai.

Halafu kuna yule mwimbaji mnene aliyeruka kutoka juu ya spika. Ubao ulivunjika, mguu wake ukazama mpaka gotini, ukaning'inia mbele ya uso wa Mzee Jeki. Watu elfu mbili walidhani amepiga goti kwa hisia, wakashangilia. Huko chini Mzee Jeki aliona kamba ya kiatu imefunguka. Aliifunga kwanza, akakaza fundo mara mbili, ndipo akausukuma mguu kurudi juu. Nyapara alimgombeza kwa kupoteza muda. "Mtu keshaanguka mara moja," alijibu, "nimrudishe kamba ikiburuta aanguke tena?" Inasemekana mwimbaji yule alimaliza nyimbo zilizobaki amesimama mahali pamoja, kwa adabu kubwa.

Wafanyakazi wa ofisini huenda hawaujui utaratibu wetu wa wimbo mmoja. Nyapara wa zamani aliuweka na hakuna aliyeuandika popote. Katika kila onyesho, kila mbeba mizigo ana haki ya wimbo mmoja. Anauchagua mapema kwenye orodha inayobandikwa mlangoni, na ukipigwa anaacha kazi, anapita mlango wa pembeni, anasimama mbele kama mtu aliyekata tiketi. Wimbo ukiisha anarudi. Bendi ikiuruka wimbo wako, umekula hasara. Kwa watu wanaolala vitanda vya juu na chini, mbali na kwao, dakika nne hizo si kitu kidogo. Yupo mwenzetu aliyewahi kununua wimbo kwa zamu tatu za kudeki.

Bendi anayoipenda Mzee Jeki tunaiita Wazee Watano. Walipokuja mara ya kwanza tuliwaita Vijana Watano, lakini miaka haimngoji mtu. Wimbo wao mkubwa, ule wa dakika kumi na moja, unaanza kwa ngoma peke yake. Kabla ya hapo mpiga ngoma hushuka kunywa maji, hurudi kukaa, kisha kisigino chenye chuma hugonga mbao, ta, ta, ta, ta, ndipo ngoma zinaporomoka kama kokoto kutoka kwenye lori. Mzee Jeki akisikia kisigino huzungusha mpini nusu mzunguko, na sakafu haibonyei. Kisigino hicho kilikuwa cha buti la kahawia, soli nene. Aliamini kabisa kwamba mwenye buti ndiye mpiga gitaa mkuu na kiongozi wa bendi, kwa kuwa hata ngoma zilimngoja. Alimsifu kantini, alimsifu kwa mkewe kwenye simu, na kwenye harusi ya mwanawe mkubwa alivaa mabuti ya namna hiyo hiyo, na picha zipo. Tatizo dogo lilikuwa hesabu. Wazee Watano ni watu watano, lakini kila walipokuja yeye alihesabu jozi sita za viatu. Tulipomkumbusha hakutikisika. "Mmoja hubadilisha viatu katikati," alisema.

Kabla ya mwezi huu bendi hiyo ilikuwa imekuja mara tisa, na mara zote tisa aliuchagua wimbo huo asiuone. Mwaka mmoja mtu wa kumpokea jeki alishikwa na mgongo dakika ya mwisho. Mwaka mwingine mwimbaji alikuwa na mafua, wimbo ukarukwa. Na mara moja, miaka kumi na moja iliyopita, aliutoa mwenyewe. Aliutoa kwangu.

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu nitoke kwetu, uso umekunjamana kama shati la sandukuni. Aliniambia, "Nenda wewe. Ukirudi utanieleza yule wa buti yukoje." Nikaenda kusimama mbele. Nilikuwa nimeshusha malori tangu alfajiri. Nikaegemea spika, na spika ilikuwa na joto zuri. Nililala wima dakika zote kumi na moja. Niliporudi nilimkuta ananingoja, chai kanimiminia, na sikuweza kusema ukweli. Nikasema ni mtu mrefu, nywele mpaka mabegani, gitaa jekundu, na akigonga kisigino hufumba macho. Mzee Jeki naye akafumba macho. Kwa miaka kumi na moja aliyasimulia maneno yangu kama ushahidi wa mahakamani, na kila alipoanza, mimi nilikumbuka kazi fulani nje.

Jumamosi tarehe kumi na nane Wazee Watano walikuja mara ya kumi, wakiwa wameshatangaza kwamba hawatasafiri tena. Yeye naye alikuwa amebakiza siku kumi na mbili kazini. Asipouona siku hiyo, basi tena. Onyesho lilianza saa tisa alasiri, kwa kuwa siku hizi wazee hao hulala mapema. Mzee Jeki alivaa shati lililopigwa pasi, akanikabidhi jeki na maelekezo. "Ukisikia visigino vinne, nusu mzunguko. Kabla ya hapo usiguse kitu. Na usilale." Neno la mwisho lilinichoma, ingawa alimtania nalo kila mtu aliyeshika jeki. Nilijua akishafika mbele atamtafuta mtu mrefu mwenye gitaa jekundu. Kwa kweli sikujua nimwombee nini, auone wimbo wake au asiuone.

Wimbo ulifika. Nilimsikia mpiga ngoma akishuka, akinywa maji, akirudi kukaa. Mbao zikalegea kidogo kwa uzito wake. Nikashika mpini, nikangoja kisigino. Hakikuja. Kupitia ufa niliiona ile soli nene imetulia juu yangu kama jiwe. Watu wakaanza kupiga miluzi, kisha wakachoka, ukumbi ukanyamaza mpaka nikamsikia mtu mmoja akikohoa. Mimi nangoja buti, mpiga ngoma anangoja buti, buti linangoja nisichokijua, na watu elfu mbili wanatungoja sote. Ndipo kutoka mbele kabisa ikaja sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu kupitia mbao.

"We huko chini, kaza kwanza. Unangoja nini?"

Nilizungusha robo tu. Sakafu ikainuka upana wa ukucha. Papo hapo juu yangu, ta, ta, ta, ta, na ngoma zikaporomoka.

Fundi taa, aliyekuwa anamwona, anasema Mzee Jeki aliutazama wimbo wote ameshika ukingo wa jukwaa, mgongo umeinama na kichwa mbele, ingawa juu yake hapakuwa na mbao. Hakupiga makofi. Mara mbili mkono wake wa kulia ulizungusha hewa.

Onyesho lilipoisha mambo yalijulikana. Mwenye buti la kahawia si mpiga gitaa, wala si mwanamuziki. Ni mbeba mizigo wa bendi, mzee mfupi mwenye upara, anayesimama kando ya ngoma na taulo na nyuzi za akiba. Mpiga ngoma hasikii vizuri, kwa hiyo yeye humgongea mbaoni mapigo manne, ayapate kwa nyayo, ndipo aanze. Lakini mara ya kwanza walipokuja kwetu aliona ngoma zikizama katikati ya wimbo, kabla Mzee Jeki hajaujua uzito wao. Tangu hapo alijiwekea sharti kwamba katika ukumbi huu hagongi mpaka asikie sakafu imeinuka chini ya nyayo zake, akidhani huko chini kuna mashine. Mzee Jeki, kwa upande wake, kila mpiga ngoma akikaa mkono wake ulikaza ule ulegevu wenyewe, bila kumuuliza. Hakuniambia kwa kuwa hakujua kwamba anafanya hivyo.

Walikutana kwenye mlango wa kupakilia. Yule mwenye upara alimtazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye mashine?"

"Ndimi. Na wewe ndiye mpiga gitaa?"

Walishikana mikono muda mrefu, kila mmoja akiitazama miguu ya mwenzake. Kisha Mzee Jeki akanigeukia mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya sanduku la nyaya.

"Mrefu, eh? Nywele mpaka mabegani?"

"Nililala, mzee. Nisamehe."

"Uliegemea wapi?"

"Spika ya kushoto."

"Ile ina joto," akasema, na kesi ikaishia hapo. Tukapakia masanduku ya bendi sisi watatu, na mwenye upara alikuwa na mengi ya kusema juu ya namna tunavyokunja nyaya.

Usiku ule mkewe alipiga simu kuuliza kama hatimaye amemwona bwana wa buti. Akaelezwa. Sote tuliokuwa bwenini tulimsikia. "Kwa hiyo miaka yote hii, baba watoto, ulikuwa unanisifia mbeba mizigo?"

"Ulitaka nimsifie nani, mama watoto?"

Ofisi imeniomba nitaje mafanikio yake. Yako kwenye faili: hakuna mpiga ngoma aliyeumia, hakuna onyesho lililovunjika kwa sababu ya sakafu, siku za kuugua ni sita. Mimi naongeza moja ambalo haliko kwenye faili. Karibu mara zote wimbo ule ulipopigwa hapa, watu wakainuka wakiruka, wengine wakalia, aliyeuanzisha alikuwa mtu aliyekaa gizani kwenye benchi, akidhani anawafuata wengine.

Mzee wetu, sisi wabeba mizigo, mafundi na watu wa ofisi tunakushukuru kwa kazi, kwa chai, na kwa wimbo uliowahi kumpa mtu asiyestahili. Nenda salama kwa mama watoto na wajukuu. Tunakuombea afya, siku nyingi na nyumba yenye amani. Na huko nyumbani, jambo lolote likikawia kuanza, usingoje kisigino cha mtu. Kaza kwanza.