Robo Saa ya Tjalling Reitsma

Ndugu zangu, majirani na marafiki, mmekaa humu tangu saa nane kamili, mlango wa kanisa uko wazi, upepo wa Novemba unawapiga shingoni, na nimewaona wengine wenu mkinikodolea macho mkidhani bibi kapoteza karatasi. Karatasi hii hapa, sijaipoteza, tumechelewa robo saa nzima kwa makusudi, kwa agizo la marehemu mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa hata dakika moja maishani mwake, na aliagiza hivyo kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye yeye alimsubiri kwa miaka ishirini, asingependa akute mlango umefungwa. Mimi ni Aukje, mdogo wake wa mwisho, niliyewaokea mikate hapa kijijini miaka thelathini na minne, na ninasoma kwa niaba ya familia.

Marehemu Tjalling Reitsma alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 hapa hapa Holwerd, katika nyumba ya mwisho kabla ya tuta la bahari, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu baba yetu Durk Reitsma, dereva wa gari la maziwa, na marehemu mama yetu Sjoukje. Baba alikuwa anakusanya madebe ya maziwa kwa wakulima, na kila mkulima alishaambiwa saa yake, hivyo ambaye debe lake halikuwa barabarani baba alipopita alibaki nalo, awe rafiki, awe shemeji, na Tjalling akiwa na miaka sita alishakuwa anakaa kiti cha mbele na saa ya baba mkononi, akitangaza, "Baba, huyu kabakiza dakika mbili!" Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikunjwa akakunjika.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1950 hadi 1956, kisha shule ya ufundi Dokkum, alikohitimu tarehe 30 Juni 1960, na mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu hana haraka wala hachelewi, sentensi ambayo mama aliibandika jikoni mpaka ikawa rangi ya chai. Tarehe 1 Agosti 1960 aliajiriwa kiwanda cha maziwa, akaenda jeshini kwa mujibu wa sheria mwaka 1963, akarudi kiwandani, na tarehe 1 Machi 1971 akaanza kazi ya ubawabu katika Chuo Kikuu cha Uhandisi cha Harlerdiep.

Tarehe 14 Mei 1971 alifunga ndoa na wifi yangu Baukje Wiersma wa Ternaard, huyu mnayemwona kiti cha mbele, ambaye siku hiyo mnyororo wa baiskeli ulimkatikia njiani akafika dakika nne baada ya saa iliyopangwa, na bwana harusi alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi ya manispaa akitazama saa, mpaka nikamwambia, "Ukimtolea neno leo, keki hii yote naimaliza kichwani kwako." Hakutoa neno, akacheka, wakaoana, wakaishi miaka hamsini na miwili, wakajaliwa watoto wawili, Sjoerd aliyezaliwa mwaka 1973 na Wytske aliyezaliwa mwaka 1976, na wajukuu watano ambao wote wana saa za mkononi, maana ndiyo zawadi pekee aliyoijua babu yao.

Mwaka 1983 chuo kilimpandisha kuwa mbeba fimbo, yaani yule mtu wa joho jeusi anayewaongoza maprofesa kuingia ukumbini siku mwanafunzi anapotetea kazi yake ya mwisho, anayefunga mlango saa ikifika, na ambaye muda ukiisha hupiga sakafu kwa fimbo, hata kama profesa yuko katikati ya neno. Kazi hiyo ilimkaa kama ngozi yake, na nasikia maprofesa walimwogopa kuliko mkuu wa chuo, jambo ambalo yeye alilikanusha huku akitabasamu.

Septemba 1995 vyuo vitatu, Harlerdiep ya kwetu, Vesterløkke ya Wadenmaki na Brunsfelde ya Wajerumani, viliungana kufundisha shahada moja ya uhandisi wa mitambo ya upepo baharini, mwanafunzi anaanza Denmaki, anahamia Ujerumani, anakuja kwetu kutetea tu kazi yake ya mwisho, kisha anapewa cheti kimoja chenye mihuri mitatu. Walikubaliana masomo, wakakubaliana alama, lakini hawakukubaliana hata mwaka uanze mwezi gani, hivyo kazi ya kupanga ratiba ya mwisho wakambebesha Tjalling, naye akaifanya kwa fahari kubwa. Aligundua mapema shimo moja ambalo maprofesa wote walikuwa wanaliruka bila kuliona, kwamba kule Brunsfelde, kwa desturi yao ya zamani, kipindi kilichoandikwa saa nne huanza saa nne na robo, hakuna anayeuliza wala anayeandika, kila mtu anajua, wakati Harlerdiep saa nne ni saa nne. Kwa hiyo kila mwaka, chini ya barua ya ratiba aliyowaandikia wanafunzi waliokuwa Brunsfelde, aliongeza kwa mkono wake, kwa wino mwekundu, "Hapa hakuna robo."

Sasa nafika pale ambapo watoto wake waliniomba nipite haraka, na yeye aliniambia, "Aukje, usiposoma hapo, usisome kitu." Nasoma.

Mwaka 2003 chuo kiliamua barua zote zitumwe kwa kompyuta, Tjalling akaipiga barua yake vizuri, akaituma kwa wanafunzi thelathini na mmoja, na ule mstari mwekundu, kwa kuwa siku zote uliandikwa kwa mkono, haukuwemo. Jumanne tarehe 24 Juni 2003, wa kwanza kabisa kwenye ratiba alikuwa Nestan Lomtatidze, msichana wa miaka ishirini na minne kutoka Poti, Jojia, binti wa fundi wa bandarini, ambaye maprofesa wa Brunsfelde walisema hawajapata kichwa kama chake kwa miaka mingi. Saa nne kamili Tjalling alifunga mlango. Saa nne na dakika sita Nestan alifika, na kwa hesabu ya Brunsfelde alikotoka alikuwa na dakika tisa mkononi, akabisha mara tatu, polepole, kwa adabu. Profesa mmoja akauliza, "Nani huyo?" na kaka yangu akajibu, "Aliyechelewa," na sheria ya ukumbi ule ilikuwa kwamba mlango uliofungwa na mbeba fimbo haufunguliwi, basi haukufunguliwa, wakaandika kwamba hakutokea. Ufadhili wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, viza yake Julai, na kikao kingine kilikuwa Septemba. Miaka miwili ya msichana wa watu ilikwisha pale kwenye korido.

Alhamisi yake Tjalling alifungua faili kuweka nakala ya barua, akaona pale chini pako peupe, akatoka mbio na joho lake hadi nyumba aliyofikia yule binti, mwenye nyumba akamwambia ameondoka asubuhi na mabegi mawili. Mchana alikuja dukani kwangu, akasimama kando ya tanuri bila kofia, akasema, "Aukje, nimemfungia mtoto wa watu mlango, na kosa ni langu." Nikamwambia, "Si ndiyo sheria yenu?" Akasema, "Sheria ni ya chuo, barua ni yangu." Nilimpa mkate, hakuula, na tangu tuzaliwe sijawahi kumwona kaka yangu analia ila siku hiyo.

Mkuu wa kitivo wa wakati huo alimwambia, "Tjalling, mwanafunzi mmoja kati ya thelathini na mmoja, yaache yapite," naye akamjibu, "Baba yangu aliacha madebe mengi barabarani, lakini hakuacha hata moja kabla hajamwambia mwenyewe saa." Akaanza safari zake, mara tatu Brunsfelde, mara mbili Vesterløkke, kwa siku zake za likizo, na kopo la mikate ya jibini mapajani kwenye treni, akibisha ofisi za watu wenye vyeo ambao walidhani amekuja kurekebisha saa ya ukutani, miezi kumi na minne, mpaka tarehe 17 Septemba 2004, kwenye mkutano wa vyuo vyote vitatu kule Vesterløkke, alipoilaza fimbo mezani mbele yao, mtu wa shule ya ufundi ya Dokkum mbele ya maprofesa kumi na wanane, akawaambia, "Mnafundisha shahada moja kwa saa tatu zisizolingana. Mlango niliufunga mimi, sikatai, lakini ninyi nyote mna saa ukutani na hakuna aliyewahi kuulizana na mwenzake. Mnipe robo, au mtafute mwingine wa kubeba hii."

Walimpa. Tangu siku hiyo, katika shahada ile, kwenye vyuo vyote vitatu, mlango hukaa wazi dakika kumi na tano baada ya saa iliyoandikwa, na wanafunzi wanaiita robo ya Reitsma, na wameshapita hapo zaidi ya mia nane. Wakaandika pia kwamba Nestan Lomtatidze aje kutetea kazi yake siku yoyote atakayoitaka, bila kikomo, na barua hiyo ikaenda Poti na sahihi tatu, na haikujibiwa. Tjalling akaanza kumwandikia kadi kila Januari, akieleza kosa lake upya kila mara kana kwamba ndiyo anakiri leo, kadi kumi na tisa, na hakupata hata mstari. Nasema wazi hapa kanisani, yule binti nilimkasirikia kwa miaka yote hiyo, nikasema jamani, hata stempu mtu anakosa? Yeye alinijibu, "Hazirudi, Aukje. Maana yake zinafika."

Alistaafu tarehe 9 Februari 2009, wakamzawadia saa, eti, kama vile alikuwa hana, akarudi Holwerd kutunza bustani yake na kuwasahihisha madereva wa basi. Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara mbili, na Oktoba mwaka huu madaktari wakamruhusu arudi nyumbani, sote tukijua maana yake. Wiki hiyo ndipo aliponipa agizo la mlango, nikamwambia, "Robo saa mlango wazi mwezi wa kumi na moja? Unataka tuzike wangapi siku moja?" Akasema, "Wavae makoti. Na msifunge mpaka historia yangu iishe. Asiyekuja asije, ila asikute umefungwa." Alifariki dunia Alhamisi tarehe 2 Novemba 2023, saa tano na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Baukje, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, na Wytske akatuma kadi ya msiba hadi Poti kama zilivyokwenda zile nyingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, na hasa muuguzi Tetsje aliyekuja nyumbani kila asubuhi na kuvumilia kuambiwa amefika saa ngapi, tunawashukuru majirani, ambao baada ya hapa watalibeba jeneza na kulizunguka kanisa nalo mara tatu kama tulivyowafanyia wazee wetu wote, na tunawashukuru wenzake wa kazi wa vyuo vitatu, Wadenmaki waliosafiri tangu jana, watu wa Harlerdiep walioileta fimbo na kuilaza juu ya jeneza, na Wajerumani, ambao leo, kwa mara ya kwanza katika historia, wamefika saa nane kamili.

Hapa niliandika sentensi moja ya mwisho jana, inayosema kwamba aliyesubiriwa hakuja, na nimeikata kwa kalamu nikiwa nimesimama hapa, nanyi mnajua kwa nini, kwa sababu mliyasikia magurudumu ya begi kwenye mawe ya uwanja. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na moja. Mama mmoja mwenye koti lililolowa alisimama kizingitini, akamwuliza Sjoerd kwa lugha yetu, "Nimechelewa?" na Sjoerd, mtoto wa baba yake, akatazama saa kwanza, akamwambia, "Hapana. Bado dakika nne." Kisha akaja kuninong'oneza, "Shangazi, ni yeye," nikatafuta kalamu.

Nestan, binti yangu, sikuulizi kitu, hilo ni lako, kahawa na keki viko ukumbini na utakaa karibu nami. Hasira zangu nimezimaliza hapo ulipoingia. Ulibisha mara tatu, na kaka yangu alikuwa anakufungulia kwa miaka ishirini.

Sjoerd, historia ya baba yako imekwisha. Wote waliotakiwa kuwamo wamo, funga mlango. Na wewe, Tjalling, kaka yangu, weka saa yako chini sasa, upumzike kwa amani.