Jiwe la X Saba

Jumanne, tarehe 4 Agosti 1953, mvua ya mawe ilipiga Kimilili tangu saa nane mchana, ikatoboa paa la kanisa na kuua kuku wa majirani. Ilipokatika jioni, akazaliwa Zakaria Wasike Mabonga, mtoto wa tatu wa Mzee Mabonga na Mama Nasike. Mama yake alipenda kutania kwamba mtoto aliyekaribishwa kwa mawe hawezi kuuawa na mawe. Maneno hayo marehemu aliyarudia mara nyingi mwaka huu, akicheka upande mmoja wa uso, maana upande wa pili ulikuwa umekufa ganzi.

Alisoma shule ya msingi karibu na kwao, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1972. Mwalimu wake wa hesabu alichapa viboko kwa kila namba ya Kirumi iliyokosewa. Marehemu alichapwa mara moja tu, kwa ajili ya tisa, na tangu siku hiyo alizishika namba hizo kama mtu anayeficha kovu chini ya mkono wa shati.

Mwezi wa Juni 1976 aliajiriwa Lodwar kuwa karani wa stoo ya ujenzi, akaitumikia kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2008. Mwaka 1992 lori la saruji alilokuwa amepanda lilimiminiwa risasi na majambazi njiani. Dereva alikufa kichwa kikiwa mapajani pa marehemu. Alimfunika uso kwa shati lake, akaliendesha lori hadi Lodwar kifua wazi, na hakuwa na leseni.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Esta Chepkirui, muuguzi kutoka Kericho. Viti vya arusi viliazimwa kutoka makanisa matatu, naye akaviandika namba kwa chokaa ili kila kimoja kirudi kwao. Mchungaji aliondoka na namba kumi na nne ya chokaa nyuma ya kanzu.

Mwezi wa Machi 2012, pamoja na wenzake sita, marehemu alianzisha Chama cha Kutunza Majengo ya Zamani. Hawakutaka majengo ya kutazamwa tu. Duka kuukuu la Lodwar walilifanya chumba cha kusomea. Kisha wakaligeukia ghala la ngozi la Lopur, karibu na Kakuma, lililojengwa kwa mawe na udongo mwaka 1957. Wazee wa Lopur walikubali liwe chumba cha kujifungulia, kwa sababu wanawake wawili walikuwa wamefia njiani wakipelekwa Kakuma. Lakini ukuta wa mashariki ulikuwa umeinama. Ilibidi ushushwe na kujengwa upya, kila jiwe mahali pake. Marehemu aliandika mawe yote, safu kwa namba ya Kirumi na jiwe kwa namba ya kawaida, kwa rangi nyekundu, kwa kuwa chokaa isingestahimili upepo. Mkewe alimwonya kwamba nyekundu ni rangi ya kubomolea watu nyumba. Alijibu kwamba zile ni namba tu.

Safu ya kumi ilikuwa usawa wa macho ya mtu mzima. Mwenye kupita njiani aliona X nyekundu, alama ya nyumba za kubomolewa, moja baada ya nyingine, kutoka pembe hadi pembe.

Jumanne, tarehe 22 Januari 2013, safu mbili za juu zilipokwisha kushushwa, umati ulifika na marungu na panga. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Lopur yote itavunjwa na ardhi ipewe wageni. Mbele alikuwa Ebei, mchunga mifugo ambaye boma lake linapakana na ghala. Aliuliza, "Mzee, nani alikutuma kupiga sisi X?"

Marehemu akamjibu, "Hiyo si X, kijana wangu. Hiyo ni kumi."

Watu walidhani anawadhihaki. Nhial, fundi wa mawe kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alikatwa panga begani, na vidole vyake viwili vikavunjwa kwa rungu. Mawe yaling'olewa ukutani na kurushwa. Moja lilimpata marehemu juu ya sikio la kushoto, akaanguka juu ya daftari lake. Aliendelea kupigwa mateke hadi wanawake wa Lopur walipoingia kati na kumlalia ili kumkinga.

Jioni hiyo polisi walimuuliza kitandani, hospitalini Kakuma, ni nani aliyempiga. Aliwaambia, "Andikeni X saba. Ndilo lililonipiga." Hakutaja mtu, wala hakuruhusu mtu wa nyumba yake kutaja.

Maumivu ya kichwa hayakumwacha tena. Mwezi wa Aprili jicho la kushoto lilizimika na la kulia likafifia, akaanza kuanguka kifafa. Alichomwomba Mungu ni kuuona ukuta umesimama, na tarehe 30 Mei alishikwa mkono akaupapasa, safu kwa safu. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2013, saa kumi na moja alfajiri, hapa Lodwar, kwa damu kuvujia ubongoni.

Ameacha mjane, Mama Esta, watoto Nekesa, Barasa na Nafuna, wajukuu wanne, na dada yake, Nasimiyu. Nhial na Ebei ni miongoni mwa wanaobeba jeneza leo, kwa ombi lake.

Wengi wameuliza ukuta ule ulisimama vipi tena. Asubuhi ya tarehe 23 Januari, marehemu alitoka wodini bila ruhusa, kichwa kimefungwa bendeji, akapanda pikipiki hadi Lopur. Watu walikuwa wamekusanyika kuona kama amekufa. Aliwasalimu, "Ejok," akaketi juu ya debe la rangi, akafungua daftari lenye damu na kuanza kuyaita mawe yaliyotawanyika, kama mwalimu anavyoita majina darasani. Kwanza hakuna aliyejongea. Kisha mwanamke mmoja akaleta jiwe la X mbili. Wengine wakafuata, na mawe yakapangwa chini safu kwa safu. Mwisho alibaki Ebei, amekumbatia jiwe lenye damu kavu.

"Hii ni yako, mzee," alisema.

"Si langu. Ni la ukuta. Linakaa kati ya sita na nane."

Marehemu akalipokea, akalifuta kwa kiganja, na kulilaza mwenyewe penye nafasi yake.

Naye leo tunamlaza. Apumzike mahali pake.