Nyuma ya Mkia Hakuna Mtu

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama umeteleka kitu jikoni, punguza moto kidogo. Habari ya leo sitaki ikupite nusu.

Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Alikuwa dobi wa hospitali. Kwa miaka kumi na moja alikuwa pia mtu wa mwisho kabisa kwenye mbio zetu ndogo za marathoni, na wakimbiaji walimwita Mkia. Alifariki Jumapili ya juma lililopita, kwenye kilomita ya thelathini na tisa. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mkia, dobi wetu, amefariki. Kilomita ya thelathini na tisa. Alikuwa peke yake.

Tuanze na kazi yake, maana mtu ni kazi yake. Chumba cha kufulia cha hospitali kiko chini kabisa, ambako dirisha linatazama miguu ya wapita njia. Humo kuna mashine ya kunyooshea shuka, ndefu kama meza ya mkutano. Mwenzake alilisha shuka upande mmoja, naye akaipokea upande wa pili ikiwa ya moto, akaikunja mara nne na kuiweka juu ya nyingine. Miaka ishirini na sita alifanya hivyo. Mikono yake ilijaa makovu madogo meupe ya mvuke. Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, ananiambia kwamba alipokuwa mdogo alidhani kina baba wote wana mikono yenye madoadoa.

Alikuwa mtu wa utani. Alipenda kusema kwamba wagonjwa wote wa hospitali ile walilala mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsalimia.

Sasa, alifikaje kwenye mbio? Kama wengi wetu, wasikilizaji wapendwa: kwa ubishi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwenzake wa kazini akamwambia kwamba mtu wa kusimama siku nzima hawezi kukimbia hata kulifuata basi. Basi akajiandikisha. Alifanya mazoezi kwa kuzunguka jengo la hospitali kila alfajiri kabla ya zamu, hadi walinzi wakamzoea.

Mbio zetu mnazijua. Hakuna mashujaa wa kutoka mbali. Ni walimu, wauguzi, makarani, na yule fundi bomba anayekimbia na redio mkononi huku akilalamika njia nzima. Mwaka ule Mkia alimaliza wa mwisho. Alitumia saa sita na dakika arobaini. Alipofika, tao la kumalizia lilikuwa limeshushwa. Meza ya medali ilikuwa tayari imepakiwa kwenye gari. Alimkuta mama mmoja anafagia vikombe, akamwuliza mstari uko wapi. Yule mama akamwonyesha kwa fagio. Mstari ulikuwa wa chokaa, na nusu yake alikwisha kuufagia. Mkia akaikanyaga nusu iliyobaki, akaenda zake nyumbani.

Mkewe anaikumbuka jioni ile. Alimwekea maji ya moto kwenye beseni, akamwuliza imekuwaje.

"Nimemaliza," alimjibu, "lakini hakuna aliyeniona."

Mke wake anasema hajawahi kumsikia akisema jambo kwa uchungu vile, wala alipozikwa mama yake mzazi.

Mwaka uliofuata alikwenda kwenye kamati ya mbio. Mimi nilikuwepo, maana kwa miaka mingi ndimi ninayeshika kipaza sauti pale kwenye mstari wa kumalizia. Alisema hataki kushindana tena. Anataka kutembea nyuma ya mtu wa mwisho, yeyote yule, hadi amfikishe. Tulicheka. Nakiri, tulicheka. Mwenyekiti akamwuliza, "Yaani unataka kazi ya mkia?" Akasema anaitaka. Jina likamganda siku hiyo hiyo, naye akalivaa kama kofia.

Aliomba jambo moja tu: tao lisishushwe mpaka yeye afike. Tukakubali. Ahadi ni deni, tukaandika kwenye kitabu cha kamati.

Hebu niwaeleze alivyofanya kazi hiyo, maana ndiyo roho ya habari yetu. Kila mwaka, siku moja kabla ya mbio, alikipiga pasi kile kizibao chake cha rangi ya machungwa hadi kikanyooka kama shuka ya hospitali. Begani alibeba mfuko wenye plasta, chumvi, na jozi mbili za ndala za wale wanaoota malengelenge. Mkononi alishika kibendera. Kila alipofika penye meza ya maji, wahudumu walimwuliza swali lile lile: nyuma kuna mtu? Naye alijibu, "Nyuma yangu hakuna mtu." Hapo meza inakunjwa, koni zinaondolewa, na barabara inafunguliwa kwa magari. Ndivyo tulivyojua. Mkia akipita, njia imekwisha.

Na yule mtu wa mwisho alikuwa na sharti lake. Mkia alimwambia tangu mwanzo: usigeuke. Alisema mtu aliyechoka akigeuka na kuona barabara tupu nyuma yake, magoti yanalegea. "Wewe tazama mbele," alikuwa akisema. "Nyuma ni kwangu." Kisha anaanza kuwachekesha. Kutangulia si kufika, alikuwa akiwaambia, waliotangulia wamekwisha kuoga na sasa hawana la kufanya. Kwa miaka kumi na moja hakumwacha mtu barabarani. Na mtu wa mwisho alipokaribia tao, nami nikapaza sauti, watu waliobaki walipiga makofi kuliko walivyompigia mshindi.

Lakini mwili una siri zake. Mwaka huu mkewe alimwona akipumzika katikati ya ngazi za nyumbani, ngazi kumi na nne tu. Alimwambia akapimwe kifua. Anafanya kazi hospitalini, jamani, daktari yuko ghorofa mbili juu ya kichwa chake. Akasema ni mvuke tu, utapita. Mke akamwambia basi kazi ya mkia amwachie mwingine. Akasema mwingine hayupo. Ni kweli, hakuwepo. Mara tatu, miaka mitatu mfululizo, aliiomba kamati impe mtu wa baiskeli wa kufuatana naye. Nimefungua kitabu cha kamati juzi. Mara zote tatu tumeandika neno moja: litajadiliwa.

Sasa tufike Jumapili yenyewe.

Mbio zilianza saa kumi na mbili asubuhi. Mtu wa mwisho mwaka huu alikuwa mama mmoja, karani wa posta, mwenye miaka hamsini na mmoja, mara yake ya kwanza. Mkia alikaa naye tangu kilomita ya kumi na sita. Huyu karani nilimtembelea nyumbani Alhamisi. Alinipokea vizuri, akaniwekea chai, yake hakuigusa. Anasema Mkia alimsimulia habari za shuka njia nzima, ile iliyorudi kutoka wodini na meno ya bandia ndani yake, na namna walivyomtafuta mwenye meno vitanda vyote. Alicheka hadi akasahau maumivu ya nyonga.

Kilomita ya thelathini na nane waliipita meza ya maji ya mwisho. Wahudumu wakauliza, Mkia akajibu kama kawaida. Nyuma yangu hakuna mtu. Meza ikakunjwa, wahudumu wakaondoka kwa njia ya mkato.

Kilomita ya thelathini na tisa kuna mwinuko unaopita kando ya ukuta wa kiwanda cha mbao, ambacho Jumapili hufungwa. Hapo Mkia alinyamaza. Karani alidhani anahifadhi pumzi kwa ajili ya mlima. Akamwita kaka, akamwuliza kama yuko sawa.

"Nenda, dada," alimwambia. "Nipo nyuma yako. Usigeuke."

Ilikuwa yapata saa sita na nusu mchana. Karani akaendelea. Aliisikia miguu yake kwa muda. Kisha upepo ukaanza kupiga mabati ya kiwanda, asisikie tena kitu. Akajipa kazi ya kuhesabu nguzo za umeme.

"Nilitaka kugeuka," aliniambia. "Mungu ananiona, nilitaka. Nikasema nikigeuka nitamvunja moyo."

Hakugeuka. Alikuwa mtiifu. Wasikilizaji wapendwa, sijui kama mnaisikia adhabu iliyomo humo. Yule mama hakufanya kosa lolote. Alifanya alivyoambiwa, na sasa halali.

Alifika kwenye tao saa saba na dakika sita. Na hapa inaingia sehemu yangu. Ningeweza kuiruka, mkaendelea kuniita mtu mwema. Siwezi.

Mwaka huu kamati ilipata kompyuta. Kila mkimbiaji alikuwa na namba kifuani, na kila namba iliyopita mstari ilijiandika yenyewe. Tulikuwa kama watoto na kitu kipya. Walioanza mia moja sitini na watatu. Walioacha njiani kumi na tisa. Waliofika mia moja arobaini na wanne. Hesabu imetimia. Karani alipofika, nilimwuliza Mkia yuko wapi, akasema, "Yuko nyuma yangu." Nikatania kwenye kipaza sauti kwamba mkia hauwezi kuuacha mwili. Watu wakacheka. Wingu lilikuwa limeshuka, matone yameanza, kila mtu anatafuta nyaya na viti vyake. Kijana wa kompyuta akaniambia orodha imefungwa.

Orodha ilikuwa imefungwa kwa sababu Mkia hakuwa na namba. Hakuwahi kuwa nayo. Yeye hakuwa mkimbiaji, alikuwa Mkia. Siku zote tulimngoja kwa macho. Mwaka huu macho tuliyapumzisha.

Saa saba na dakika kumi na tano nilitangaza. Maneno yangu yalikuwa mawili: wote wamefika. Tao likashushwa. Nikapanda gari, nikaenda kula.

Mkewe alimtazamia saa tisa. Saa tisa na nusu akapiga simu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena na tena. Simu ilikuwa kwenye begi lake, na begi lilikuwa stoo ya uwanja, limebaki peke yake kwenye rafu. Ilikaribia saa kumi na moja jioni ndipo mlinzi wa uwanja alipopita akaisikia, akaipokea. Mama akamwuliza mume wangu yuko wapi. Mlinzi akamwambia hapa hakuna mtu, mama, mbio ziliisha mchana.

Waliokwenda kumtafuta walimkuta kilomita ya thelathini na tisa. Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, kibendera kimelala mapajani, kizibao kimelowa. Barabara ilikuwa imefunguliwa tangu mchana. Magari yalipita mbele yake kwa saa nne na zaidi. Dereva mmoja amekuja kwangu mwenyewe akaniambia alimwona. Alidhani ni mtu wa kamati anayelinda barabara.

Binti yake alimwuliza daktari swali ambalo mimi nisingethubutu kuliuliza. Daktari hakumficha. Alisema ulikuwa moyo, na kwamba hakufa papo hapo. Alisema huenda alikaa saa moja, huenda zaidi.

Tulimzika Jumatano. Madobi wenzake walikuja na nguo za kazi. Karani wa posta alitembea nyuma ya watu wote hadi makaburini, na kila hatua chache aligeuka kutazama nyuma. Hakuna aliyemwambia aache.

Baada ya mazishi mwenyekiti alimpelekea mjane medali ndani ya kisanduku. Nilikuwa kando yake. Mama aliitazama, akaturudishia.

"Shemeji," aliniambia mimi, si mwenyekiti, "hakutaka medali. Alitaka kungojwa tu."

Majuto ni mjukuu, wamesema wahenga, na mjukuu huyu nimempata mapema na nitaishi naye.

Kwa mjane, kwa binti na watoto wake, kwa madobi wa chumba kile cha chini, kwa karani wa posta ambaye pia amefiwa ingawa hayumo kwenye orodha ya wafiwa: poleni sana. Tunawapa pole tukijua hazitoshi. Na wewe unayenisikiliza, leo kabla hujafunga mlango, tazama nani bado hajaingia. Usitazame orodha. Kila nyumba na kila kazi ina mtu wa nyuma ambaye hana namba, na tumemzoea hivi kwamba tunajua atafika.

Redio ikitangaza kosa, sheria ni kulisahihisha kwa sauti ile ile iliyolitangaza. Basi nasahihisha. Jumapili, saa saba na dakika kumi na tano mchana, nilisema wote wamefika. Si kweli. Mmoja alikuwa bado barabarani, kilomita ya thelathini na tisa. Alikuwa hai.