Kiti cha Kumi na Mbili

Benchi la kijiwe cha Kibaoni lina miguu mitatu na tofali mbili. Alilitengeneza Sylvanus, seremala wa Viwanja Sitini. Siku ile alipofika mguu wa nne aliona jua limekuwa kali, akasema atamalizia kesho, na hiyo kesho sasa ina miaka kumi na moja. Ndiyo maana wakambandika jina la Nusu. Nyumba yake imeishia madirishani, shimo lake la choo lina kina cha magoti, na hata kahawa hamalizi. Hunywa nusu kikombe, akakiacha kipoe. Hakuna aliyemchukia kwa hilo. Pale kijiweni kila mtu alikuwa na kasoro yake, na kasoro ya mwenzio ndiyo ilikuwa kashata ya kunywea kahawa.

Jumatano hiyo Nusu alifika saa tisa akiwa amevaa shati la Jumapili. Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Karatasi hiyo ilitaka sahihi ya mtu mmoja anayemfahamu, na ilitakiwa ifike kanisani kwa Wamethodisti kabla ya saa kumi. Ikichelewa, nafasi yake angepewa mtu mwingine. Nusu aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu azikwe mkewe, na alijua kwamba akiwaambia hivyo watamcheka mpaka kahawa iwatoke puani.

– Shikamoo, Balozi.

– Marahaba. Shati la kanisani, na leo Jumatano. Nani kafa?

Balozi ni Mzee Telesphory. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ingawa tangu vije vyama vingi hakuna anayempelekea kesi hata ya kuku, bado hutembea na daftari kwapani na kalamu mbili mfukoni. Pembeni yake alikaa Egidius, ambaye wanamwita Redio kwa sababu ana redio ya betri anayoipakata, ila habari nyingi zinatoka kwake mwenyewe.

– Hajafa mtu, Nusu akasema. Nataka mmoja wenu anisainie hapa, kwenye mstari wa shahidi. Basi.

Balozi aliipokea karatasi, akainyoosha mbali na macho, akaisoma kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kwenye mikutano.

– Kikundi cha kujifunza Biblia. Wiki thelathini na nne. Watu kumi na wawili, hawaongezwi, hawapunguzwi. Kila Jumatano saa kumi, bila kukosa. Kusoma nyumbani kila siku. Yanayosemwa ndani hayatoki nje.

Mwanasha, muuza kahawa, aliacha kupepea jiko.

– Wiki thelathini na nne? Nusu?

– Ndiyo.

– Wewe huyu?

– Mimi huyu.

– Basi atatoka wiki ya kumi na saba, Redio akasema. Nusu ya Biblia ni wapi, Balozi?

– Katikati ni Zaburi.

– Basi atatuishia Zaburini. Tutamsikia tu anaimba.

Walicheka, na Nusu akacheka nao, kwa sababu pale ukikataa kucheka unakuwa umejipa jina la pili. Ila Balozi hakucheka sana. Alikuwa ameirudia karatasi, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye neno shahidi.

– Hii naijua, akasema polepole. Huu ni utafiti.

– Ni Biblia, Balozi.

– Kaa chini nikwambie. Mwaka ule nipo kwa shemeji yangu kule Namawala, walikuja watu wa mbu. Wana karatasi kama hii hii. Watu wachache, hawabadilishwi. Unakuja kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Unasaini, na shahidi anasaini. Unapewa daftari. Mimi nilitolewa damu kidoleni mara tano, na nilikuwa nakaa nimekunja suruali mpaka gotini nasubiri mbu aje atue.

– Wakakufanya nini?

– Hawakunifanya kitu, watu wazuri tu, na chandarua walinipa. Nasema utaratibu naujua. Nusu, walikwambia ukunje suruali?

– Waliniambia nije na Biblia na kalamu.

– Hiyo ni wiki ya kwanza, akasema Balozi.

Redio aliizima redio yake, jambo analolifanya tu akiwa na habari kubwa kuliko za redioni.

– Mbu wa nini, Mzee wangu. Hicho ni chama. Si vimeruhusiwa? Angalia mwenyewe: wanachama kumi na wawili, kikao kila wiki, siri za ndani hazitoki nje. Mnasaini. Keshokutwa mnapewa kofia.

– Chama cha watu kumi na wawili kitashinda wapi?

– Kwani vingine vina wangapi?

Balozi, kwa kuwa alikuwa mtu wa chama chake tangu ujana, alikunywa kahawa kwa hasira kidogo. Nusu alitazama jua. Lilikuwa limeshavuka paa la mashine ya kukoboa mpunga, maana yake saa tisa na nusu haikuwa mbali.

– Jamani, ni kusoma Biblia tu. Mnakaa, mnasoma, mnaulizana. Yuko mvuvi wa Kivukoni, yuko mwalimu, yuko Balbina yule mshonaji...

Alisita. Lilikuwa limemtoka jina ambalo hakulitamka miaka miwili. Hakuna aliyegundua.

– Na wewe si Mkatoliki? Mwanasha akauliza. Mimi Mwislamu, lakini hata mimi nakuona kwenye maandamano ya Ekaristi.

– Ni Mkatoliki. Jumapili nakwenda kwetu kama kawaida. Hawajanikataza.

– Hawajakukataza bado, Redio akasema. Ngoja kwanza. Umesema ni kumi na wawili. Wewe wa ngapi?

– Walikuwa wamepatikana wote. Mmoja kahamia Mahenge. Kwa hiyo mimi ni wa kumi na mbili.

Redio aliinuka. Benchi likalala upande wa tofali, na Balozi akashika daftari lake.

– Mitume walikuwa wangapi?

– Kumi na wawili.

– Na wa kumi na mbili alikuwa nani?

Mwanasha, ambaye habari hiyo aliijua nusunusu, alimtazama Nusu kwa huruma kabisa.

– Wamekosa Yuda, Redio akasema. Kumi na mmoja wamejipanga, hakuna aliyetaka ile nafasi. Wakasema tukamtafute wapi? Kijiweni Kibaoni. Ndiyo maana wanataka shahidi, bwana. Siku mambo yakiharibika, anakamatwa aliyesaini. Mimi sisaini.

– Hata mimi, akasema Balozi. Mtu wa serikali hawezi kusaini kitu cha Yuda.

Nusu aliichukua karatasi yake, akaikunja tena. Angeweza kuwaambia ukweli. Ukweli ni kwamba wale Wamethodisti walimpa kazi ya kuwatengenezea viti vya darasa hilo, na siku alipopeleka vya kwanza, kiongozi wao, mama mmoja, alimkaribisha chai akamwuliza, "Tangu mkeo afariki, unalalaje?" Nusu alifungua mdomo kutoa mzaha kama wa kijiweni, mzaha haukuja. Yule mama hakumjazia jibu. Alikaa anasubiri, chai yake inapoa, na Nusu akapiga msasa mguu wa kiti mpaka ukakaribia kuwa fimbo. Hakujibu siku ile. Lakini alirudi nyumbani akiwa na hamu ya kuulizwa tena, na hamu hiyo haikumtoka. Sasa mambo kama hayo utayaelezaje kwenye benchi la tofali?

Ndipo ikasimama baiskeli, na juu yake mama mnene aliyejifunga kitenge kiunoni, kikapu cha vitabu mbele.

– Hodi hapo. Ndugu Sylvanus, nikasema nipitie huku, nisije nikafunga orodha wewe hujafika.

– Shikamoo, Mama Justa, Nusu akasema, akasimama haraka.

– Marahaba, mwanangu. Shahidi umempata? Na hawa nadhani ndio rafiki zako. Anawasifu sana kanisani. Anasema ana wenzake wa miaka kumi na moja, wanakunywa kahawa pamoja kila siku ya Mungu.

Balozi alikaa vizuri. Redio alifunga kifungo cha shati.

– Ndio sisi, Balozi akasema. Ila kwanza, Mama, tuna maswali. Je, kuna kutoboa vidole?

– Vidole vya nini?

– Na Yuda ni nani? Redio akauliza.

Mama Justa aliwatazama mmoja mmoja, na kwa kuwa alikuwa nesi kwa miaka thelathini, hakushangaa.

– Hakuna vidole, hakuna Yuda. Kuna kukaa na kusoma na kusikilizana. Tunamtaka huyu kwa sababu tulimpa kazi ya viti kumi na viwili, na watu wote walituambia tutapata sita. Jana kaleta cha kumi na mbili. Kina miguu minne.

Wote wawili waligeuka kumtazama Nusu. Halafu Balozi alitazama tofali chini ya benchi, akatazama tena Nusu, kama mtu aliyenyimwa.

– Kazi ya shahidi ni ndogo, Mama Justa akaendelea. Kila wiki unamwuliza, umesoma? Na leo unaniandikia watu wa nyumbani kwake, walio hai na waliotangulia, maana Jumatano ya kwanza tunawaombea kwa majina. Mwenyewe haandiki. Anaandika rafiki.

– Leta, akasema Balozi, ambaye kuandika majina ya watu ndiyo ilikuwa furaha ya maisha yake. Mtoto, Tekla, yuko Morogoro. Mke, marehemu Mama Tekla.

– Mama Tekla ni jina la mtoto. Yeye aliitwa nani?

Kalamu ya Balozi ikasimama.

– Mama Tekla, akarudia.

– La kwake, Mzee wangu. La ubatizo.

Balozi alifungua daftari la nyumba kumi, akalamba kidole, akafunua mpaka ukurasa uliokuwa na doa la mafuta ya taa. Alisoma. Akalifunga.

– Nilimwandika Mama Tekla.

– Anastazia, akasema Redio.

– Anastazia ni shemeji yangu, Nusu akasema.

– Padri alilitaja siku ya mazishi, Redio akasema.

– Wewe ulikuwa wapi? Balozi akamwuliza.

– Nilikuwa nje nalinda baiskeli za watu.

– Mimi nilikuwa nagawa wali, Balozi akasema kwa sauti ndogo.

Mwanasha akasema yeye amehamia kutoka Mlimba mwaka jana tu, asiulizwe. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mama Justa alishika usukani wa baiskeli yake, akasubiri, kama alivyosubiri ile siku ya chai. Nusu alitaka kuwasaidia. Aliwaonea aibu, na aliwaonea huruma, na chini ya vyote hivyo alikuwa na uchungu ambao hakujua kama umetoka kwao au kwake mwenyewe, kwa sababu kwa miaka miwili na yeye hakuwahi kulitamka jina hilo pale.

Balozi alivua kofia, akaiweka gotini.

– Nimekula wali wa yule mama miaka tisa, akasema. Sylvanus. Mkeo aliitwa nani?

Hapo kijiweni watu huuliza swali huku wameshaandaa jibu lao. Safari hii Balozi aliuliza akanyamaza, na Redio naye akanyamaza, jambo ambalo Mwanasha alilisimulia wiki nzima.

– Balbina, akasema Nusu. Kama yule mshonaji.

Balozi aliandika Balbina, herufi moja moja, kwenye karatasi. Akafungua daftari lake, akakata Mama Tekla, akaandika Balbina na humo. Kisha akasaini, akampa Mama Justa, naye akapanda baiskeli na kuwaambia wasichelewe.

– Nakusindikiza, Balozi akamwambia Nusu. Shahidi lazima aone umeingia.

Waliondoka pamoja, wakamwacha Redio anahangaika na benchi lililolalia upande mmoja. Walipofika kwenye kona ya Viwanja Sitini, Balozi alikohoa.

– Alianza kuumwa lini, kwani?

Nusu alianza kumsimulia tangu asubuhi ile ya homa ya kwanza. Walipofika mlangoni pa kanisa simulizi yake ilikuwa bado haijafika hospitali. Ndani viti vilikuwa vinavutwa, saa kumi ilikuwa imetimia, na Mama Justa alichungulia nje, akawaona, akarudi ndani, akaacha mlango wazi. Balozi hakutazama saa. Walisimama pale juani, mpaka Nusu akamaliza.