Bw. Anselmi na Taa za Harusi ya Kinole

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bw. Anselmi Rwegoshora, mkuu wa kituo chetu cha darubini juu ya Kinole, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Mimi Dadi, fundi wa kituo, nimepewa kuandika haya kwa kuwa wengine wote wamesema wana kazi.

Alikuja kuwaonyesha wanafunzi wa Morogoro mwezi. Mwaka 2017 kazi ikageuka. Vitambuzi vilivyozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini vikinasa neutrino, chembe inayopenya dunia nzima bila kugusa kitu, simu zetu hulia kwa tahadhari. Nasi huelekeza darubini kule ilikotokea, tutafute galaksi iliyowaka ghafla. Kazi nzuri, ila aliyechagua Uluguru hajawahi kuanika nguo huku. Hadi mwaka juzi tahadhari zilikuwa sitini na moja; ukungu ulikula hamsini na nne. Saba zilizobaki Bw. Anselmi alizipiga picha akiwa amevaa makoti mawili, moja langu.

Mwaka juzi wenzetu wa mtandao wa kimataifa wa darubini wakachoka: tusipotuma picha nyingine kabla ya mwaka kwisha, tunaondolewa, na kituo kinafungwa. Ilipofika Desemba, mara tu baada ya isha, simu ikalia. Anga safi, haijapata kutokea! Na chini yetu kuna harusi, ina taa za kutosha uwanja wa mpira, zote zimetuelekea.

Bw. Anselmi akashuka mbio kumwomba baba wa bibi harusi. Akakubaliwa papo hapo, akapanda anacheka. Taa hazikuzimwa. Nilishamwambia: kwetu Waluguru, mwenye neno ni mjomba. Lakini kwao Bukoba baba akisema imekwisha, na mimi ni nani nisikilizwe? Akashuka tena.

Mjomba Twalibu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mbele ya wageni: "Sasa mwalimu, kama hako kachembe hakagusi chochote, taa zetu zinakadhuru nini?" Watu wakaangua kicheko. Bw. Anselmi, jasho linamtoka, akajibu kwamba chembe imeshapita. Tunachotafuta ni kwao.

"Aa, mnatafuta kwao! Si ungesema? Zimeni taa, watu wanaulizia ukoo!"

Sharti likawa moja: Bw. Anselmi abaki acheze. Kwa hiyo picha nilipiga mimi, yeye akala pilau. Zilionyesha galaksi ndogo inang'aa mara tatu zaidi ya picha za zamani, na darubini kubwa zikathibitisha. Kama ndiko kwao hasa, wataalamu bado wanabishana. Kwenye ripoti mimi ni "msaidizi, jenereta".

Lakini kweli isemwe. Mimi nisingeshuka mara ya pili. Aibu ya ile ya kwanza ingenitosha. Yeye alishuka, na ndiyo maana leo kipo kituo cha kumuaga.

Asante, Bw. Anselmi. Ukapumzike Bukoba kwa afya tele, ndizi zisikupungukie, na simu isikuamshe tena.