Maji ya Mbuzi wa Mahari

Gari la moshi la Mdachi lilipoiacha Dodoma, mzee aliyeketi mbele yangu alijitambulisha kabla hajaulizwa: yeye Nikodemo, mshenga, anapeleka harusi Gulwe. "Tangu alfajiri sijakaa, mwanangu. Mbuzi hawa, asali ile, majembe, kaniki za mama mkwe. Hakuna nilichosahau!"

Batuli, muuza karanga wa Kondoa, akamsifu. "Hongera, baba. Na bwana arusi amekaa behewa gani?"

Nikodemo akageuka, akatazama viti vyote vya behewa. Mbuzi mmoja akamlamba mkono.

"Nilimtuma akachote maji ya mbuzi," akasema. "Pale stesheni."

Behewa zima liliangua kicheko. Mimi nilijaribu kujizuia, nikashindwa vibaya.

"Shuka kituo kijacho, urudi ukamchukue!" Batuli alisema huku akifuta machozi.

"Na mbuzi atawakabidhi nani? Wakwe wanawangoja!"

"Wakwe wanamngoja mume, baba!"

"Bila mbuzi, si mume!"

Walibishana hivyo hadi Gulwe. Gari liliposimama, tulipokewa kwa vigelegele, na shangazi za bibi arusi wakawa wanachungulia madirishani, kila mmoja akitaka kumwona bwana arusi kwanza. Nikodemo akaweka kofia sawa, akawatanguliza mbuzi, nao wakalia kwa kiu.